Panda Mbele ya Mtoaji

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Kutoka 35:20–29, Kutoka 36:5–7, 2 Samweli 24:18–25, Ezekieli 33:1–6, Danieli 3:1–7, Mathayo 6:1–4, Mathayo 22:15–22, Matendo 5:1–11, 2 Wakorintho 9:6–8.

Fungu la kukariri: Mathayo 6:3, 4.

Fedha inapohitajika kwa haraka, njia ya mkato inajulikana kila mahali: kusanya watu, piga muziki, taja majina ya waliotoa, na waache waliobaki wajione wanatazamwa. Mara nyingi njia hiyo hufaulu. Kiasi kilichokusudiwa hupatikana, na huenda kikapita. Swali linalobaki ni kama watu wale walitoa, au walitozwa na macho ya wenzao.

Katika vita viwili vya dunia, miji ya Marekani iliona njia hiyo ikitumika kwa kipimo kikubwa sana. Bendi zilipita barabarani, askari walipiga gwaride, waigizaji mashuhuri walisimama majukwaani, na watu wakaombwa kununua hati fungani ili serikali ipate fedha za vita. Nia ya wengi ilikuwa njema. Walikuwa na wana na ndugu katika uwanja wa mapigano. Kwa sababu hiyo hasa mfano huu unafaa kuchunguzwa. Ni rahisi kumhukumu mnafiki anayepiga panda kwa ajili ya sifa yake. Ni vigumu zaidi kupima panda inayopigwa kwa ajili ya jambo ambalo karibu kila mtu anaona ni jema.

*Jifunze somo la juma hili kwa maandalizi ya Sabato ijayo.*

JUMAPILI
Mkopo Uliovikwa Vazi la Sadaka

Marekani iliingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia mwezi wa Aprili 1917. Waziri wa Fedha, William Gibbs McAdoo, alihitaji fedha nyingi kuliko kodi zilivyoweza kuleta, hivyo serikali ikaamua kukopa kwa wananchi wake. Kati ya mwaka 1917 na 1918 kampeni nne za Hati Fungani za Uhuru zilifanyika, na ya tano ikafuata mwaka 1919 baada ya vita kwisha. Wasemaji wa kujitolea wapatao 75,000 walisimama katika majumba ya sinema na mahali pengine, kila mmoja akihutubia kwa dakika nne.

Katika vita vya pili jambo hilo lilirudiwa kwa ukubwa zaidi. Tarehe 1 Mei 1941 Rais Franklin Roosevelt alinunua hati ya kwanza ya mfululizo mpya ulioitwa E. Mnunuzi alilipa dola 18.75, na baada ya miaka kumi alirudishiwa dola 25. Watoto walinunua stempu za senti 10 shuleni na kuzibandika katika vitabu vidogo mpaka vijae. Hadi mwisho wa kampeni hizo Wamarekani wapatao milioni 85 walikuwa wamenunua hati, na jumla ya fedha ilizidi dola bilioni 185.

Ni muhimu kuliita jambo kwa jina lake. Hati fungani ilikuwa mkopo wenye riba. Pia ilikuwa njia ya kuzuia bei zisipande: viwanda vilikuwa vikitengeneza silaha, bidhaa za nyumbani zilikuwa chache, na wafanyakazi walikuwa na mishahara mifukoni. Fedha iliyowekwa katika hati haikwenda sokoni kugombania nyama na viatu. Hayo yote ni mambo ya busara, wala si dhambi kuikopesha serikali. Lakini barabarani mkopo huo uliitwa dhabihu. Mama aliyempoteza mwanawe na mfanyabiashara aliyeweka ziada yake mahali penye usalama na faida walishangiliwa chini ya bendera moja, kana kwamba walikuwa wametoa kitu kimoja.

Soma 2 Samweli 24:18–25. Kwa nini Daudi alikataa kupewa bure uwanja na ng'ombe wa Arauna?

Mfalme angeweza kupata sifa ya kutoa sadaka kwa mali ya mtu mwingine. Alikataa, kwa sababu dhabihu hupimwa kwa kile inachompunguzia mtoaji. Mwombaji mwaminifu hawezi kuita dhabihu kitu ambacho mtoaji atarudishiwa na nyongeza. Akifanya hivyo anamdanganya mtoaji juu ya moyo wake mwenyewe, na pia anawapunguzia heshima wale ambao kweli wamepoteza.

*Katika kanisa lako, je, kuna michango inayoitwa sadaka ambayo mtoaji anategemea kupata kitu kwayo? Yafaa iitweje?*

JUMATATU
Hiari Mbele ya Mashahidi

Soma Matendo 5:1–4 na 2 Wakorintho 9:6–8. Petro na Paulo wanasisitiza jambo gani kuhusu uhuru wa mtoaji?

Henry Morgenthau, Waziri wa Fedha wakati wa vita vya pili, alipendelea ununuzi wa hiari kuliko sheria ya kuwalazimisha watu kuweka akiba. Uamuzi huo ulistahili heshima. Hata hivyo, hiari ina viwango vyake. Mfanyakazi aliyekubali makato ya mshahara kiwandani alifahamu kwamba msimamizi wake ana orodha, na kwamba kiwanda kinashindana na kiwanda cha jirani. Hakuna aliyemshika mkono akaulazimisha kutia sahihi. Hata hivyo, kalamu iliwekwa mezani mbele ya watu.

Katika vita vya kwanza hali ilikuwa kali zaidi. Kila mji ulipangiwa kiasi chake. Mnunuzi alipewa kifungo cha kuvaa kifuani na karatasi ya kubandika dirishani, na hivyo nyumba isiyo na karatasi ilijulikana mtaa mzima. Wamenno, Wakristo wanaoamini kwamba mfuasi wa Kristo hawezi kushiriki vita, walijikuta katika mateso. Baadhi ya nyumba na makanisa yao yalipakwa rangi ya njano, alama ya woga na usaliti, na baadhi ya watu walipakwa lami na kubandikwa manyoya. Huko South Dakota, mifugo ya jumuiya moja ya Wahutteri waliokataa kununua hati ilichukuliwa na kuuzwa. Waliofanya hayo hawakuwa wezi kwa kawaida yao. Walikuwa majirani, na wengine wao waliabudu makanisani kila juma.

Danieli 3 inaeleza uwanda uliojaa watu na orodha ndefu ya ala za muziki, iliyorudiwa mara kwa mara. Somo hili halisemi kwamba hati fungani ilikuwa sanamu. Linatazama jambo moja tu, yaani kazi ya muziki katika uwanda ule. Sauti ilipolia, watu wote walipaswa kutenda tendo moja kwa wakati mmoja, na kwa njia hiyo yeyote aliyebaki amesimama alionekana. Bila muziki ule, Shadraka, Meshaki na Abednego wangekuwa watu watatu tu katika umati mkubwa.

Petro alimwambia Anania kwamba shamba lilikuwa mali yake, na hata baada ya kuliuza bedha yake ilikuwa katika uwezo wake. Kosa lake halikuwa kutoa kidogo. Alitaka kuonekana ametoa vyote, kwa sababu Barnaba alikuwa ametoa mbele yake (Matendo 4:36, 37). Mahali ambapo kutoa kunatazamwa sana, watu wawili huumbwa: anayelazimika kutoa asichotaka, na anayesingizia kutoa asichotoa.

*Je, mtu asiye na kitu anaweza kuhudhuria changizo au harambee ya kanisa lako na kuondoka bila aibu? Kama hawezi, ni nini kibadilishwe?*

JUMANNE
Tarumbeta ya Mlinzi

Soma Ezekieli 33:1–6. Mlinzi alipewa tarumbeta kwa kazi gani, na nini kinampata asipoipiga?

Kampeni ya nne ya Hati Fungani za Uhuru ilifunguliwa tarehe 28 Septemba 1918. Lengo lilikuwa dola bilioni 6. Siku hiyo jiji la Philadelphia liliandaa gwaride kubwa, na watu wapatao 200,000 walisongamana kando ya barabara kutazama bendi, askari, mabaharia na magari yaliyopambwa.

Lakini homa kali ya mafua iliyokuwa ikizunguka dunia ilikwisha kufika jijini. Mabaharia wa kituo cha jeshi la majini walikuwa wakiugua tangu mapema mwezi huo. Baadhi ya madaktari walionya kwamba mkusanyiko huo ungekuwa hatari. Wilmer Krusen, aliyesimamia afya ya jiji, hakuuzuia. Jiji lilikuwa na kiasi lililopangiwa, na gwaride lilikuwa limetangazwa. Nani angependa kuwa mtu aliyezuia mchango wa askari?

Ndani ya siku tatu vitanda vya hospitali za jiji vilijaa. Mapema Oktoba shule, makanisa na majumba ya maonyesho yalifungwa, lakini maambukizo yalikwisha kuenea. Majeneza yaliadimika, na mashine za kuchimbia zikatumika kuchimba makaburi ya wengi. Katika majuma machache zaidi ya watu 12,000 walikufa. Katika mji wa St. Louis, mkuu wa afya Max Starkloff alifunga shule, makanisa na mahali pa mikusanyiko mapema, huku wengine wakilalamika, na vifo vyake kwa uwiano wa wakazi vilikuwa vichache sana kuliko vya Philadelphia.

Si haki kusema kwamba gwaride peke yake liliua watu hao wote. Ugonjwa ulikuwapo kabla yake na ungeenea hata bila hilo. Lakini ni haki kuuliza kwa nini onyo halikusikika. Jibu halitoki katika ujinga, maana waliojua walikuwapo na walisema. Jibu liko katika uzito wa jambo jema lililokwisha kutangazwa. Watu wanapoamini kwamba kusudi lao ni takatifu, anayeonya huonekana mwoga au adui.

Hapa Biblia inaweka mbele ya msomaji pembe mbili. Katika Mathayo 6 kuna panda inayoita watu waje kutazama. Katika Ezekieli 33 kuna tarumbeta inayowaambia watu wajiokoe. Katika Philadelphia ya kwanza ilipigwa kwa nguvu, na ya pili ikazimwa ili isiharibu sherehe. Bwana hakumwuliza mlinzi kama mji ulifikia lengo lake la fedha. Alimwuliza kuhusu damu.

*Fikiri juu ya mkutano au sherehe ambayo ni vigumu kuiahirisha kwa sababu matangazo yametoka na fedha imetumika. Ni nani katika kanisa lenu mwenye ruhusa ya kusema "tusubiri," na je, akisema atasikilizwa?*

JUMATANO
Ukweli wa Anayeomba

Tarehe 21 Septemba 1943 mwimbaji Kate Smith alikaa katika kituo cha redio tangu saa mbili asubuhi hadi saa nane usiku. Katika muda huo alizungumza na taifa mara 65, akiwasihi wasikilizaji wanunue hati. Ahadi za siku hiyo zilifikia dola milioni 39. Mwanasosholojia Robert K. Merton, pamoja na wenzake, aliwahoji kwa kina watu 100 wa jiji la New York, na mwaka 1946 akatoa kitabu juu ya jambo hilo. Aliona kwamba wengi waliguswa kwa sababu walimwamini. Walisikia sauti yake ikichoka, wakasema: mtu huyu anajitoa mwenyewe. Lakini Merton aliuliza pia swali la maadili: mtu anayejua namna ya kugusa mioyo ana wajibu gani kwa wale anaowagusa? Je, anawatendea kama watu wenye akili na dhamiri, au kama mlango wa kusukumwa mpaka ufunguke?

Mfano wa pili unaonyesha ugumu huo kwa uchungu zaidi. Tarehe 23 Februari 1945 mpiga picha Joe Rosenthal alipiga picha ya askari sita wakiinua bendera katika kisiwa cha Iwo Jima. Picha hiyo ikawa alama ya kampeni ya saba, iliyolenga dola bilioni 14 na kupata zaidi ya bilioni 26. Watatu walioaminiwa kuwa manusura wa picha hiyo walirudishwa nyumbani na kuzungushwa mijini. Mmoja wao alikuwa Ira Hayes, Mhindi Mwekundu wa kabila la Pima kutoka Arizona.

Hayes alijua kwamba jina moja katika orodha lilikuwa na kosa: aliyekuwa chini ya mlingoti hakuwa Hank Hansen aliyetajwa, bali Harlon Block, na wote wawili walikwisha kufa vitani. Alipoeleza, aliagizwa anyamaze, kwa kuwa majina yalikwisha kutangazwa. Kampeni ikaendelea. Mwaka 1946 Hayes alisafiri hadi Texas, akamweleza baba yake Block ukweli. Mwaka uliofuata jeshi lilisahihisha. Mwaka 2016 na 2019 majina mengine mawili yalisahihishwa tena, ikabainika kwamba wawili kati ya watatu waliozungushwa na kampeni hawakuwa miongoni mwa sita wa picha ile. Hayes mwenyewe alikufa mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 32, baada ya kuteswa na ulevi.

Soma Mithali 12:19–22. Je, uongo mdogo unaosaidia jambo kubwa unahesabiwaje mbele za Bwana?

Wazazi wa Block walikuwa na haki moja tu iliyobaki juu ya mtoto wao, nayo ni kujua alichofanya kabla ya kufa. Haki hiyo iliahirishwa ili gwaride lisikwame. Anayeomba fedha kwa jambo jema huanza kwa kutengeneza hadithi iwe fupi, kisha huiondolea yasiyopendeza, na mwisho huona ukweli wenyewe ni kikwazo. Shahidi wa kweli hushtuka mapema, wakati bado ni suala la jina moja.

*Ushuhuda unaposimuliwa kanisani ili watu wachangie, ni nani anayehakikisha kwamba ni wa kweli?*

ALHAMISI
Je, Fedha Ina Mikono Safi?

Soma Mathayo 22:15–22 na Warumi 13:5–7. Je, kulipa kodi na kununua hati ya vita ni jambo moja?

Yesu aliruhusu kodi ilipwe kwa dola iliyokuwa na majeshi. Paulo naye aliihesabu kuwa deni. Lakini kodi hudaiwa. Hati fungani huombwa. Anayeombwa ana nafasi ya kukataa, na mwenye nafasi ya kukataa hawezi kusema kwamba ametii tu.

Waadventista walikutana na swali hili mapema. Kanisa liliundwa rasmi mwezi wa Mei 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani. Sheria ya uandikishaji ya mwaka huo iliruhusu mtu alipe dola 300 badala ya kwenda vitani, na Waadventista walilipa. Kwa familia za wakulima kiasi hicho kilikuwa mzigo mkubwa, na washiriki walisaidiana. Sheria ya Februari 1864 iliwapa wasiobeba silaha kwa ajili ya imani yao nafasi ya kuhudumu hospitalini, au kulipa dola 300 ambazo zingetumika kwa askari wagonjwa na majeruhi. Mwezi wa Agosti mwaka huo John N. Andrews alikwenda Washington, na msimamo wa kanisa wa kutobeba silaha ukatambuliwa.

Katika vita vya pili vya dunia makanisa ya amani, Wamenno wakiwamo, yalipata mpango unaofanana na huo. Waumini wao waliweza kununua hati za serikali zisizobeba jina la vita, kupitia benki moja ya Philadelphia. Mtu anaweza kusema kwamba tofauti hiyo ni ya karatasi tu: dola inayoingia hazina kwa ajili ya mashamba huiachia dola nyingine nafasi ya kwenda kwenye mabomu. Hoja hiyo ina nguvu. Hakuna raia anayeweza kuisafisha fedha yake kabisa ndani ya mfuko wa taifa.

Hata hivyo hoja hiyo haimalizi jambo. Dhamiri haidai kwamba mtu ajitenge na kila athari ya dhambi duniani. Ingedai hivyo, asingeweza kununua hata chumvi. Inadai kwamba asitie sahihi yake palipoandikwa jambo ambalo anaamini Mungu amelikataza. Askari wa tiba Desmond Doss alivaa sare ya jeshi lile lile lililobeba bunduki, na hakuona kwamba kwa sababu hiyo ingekuwa vivyo hivyo kama angeibeba yeye. Alihesabu wapi mkono wake unaishia. Mwumini mwingine, kwa moyo uo huo wa uaminifu, alinunua hati akiamini kwamba anasaidia kuukomesha udhalimu mkubwa. Warumi 14 inataka kila mmoja athibitike katika akili yake, na inakataza mmoja kumdharau mwingine. Ndiyo maana rangi ya njano mlangoni ilikuwa dhambi, hata kama aliyeipaka alikuwa na haki kuhusu vita.

*Ni wapi mkono wako unaishia? Umewahi kuufikiria mpaka huo kabla ya kuombwa fedha, au huufikiria baada ya kutoa?*

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Soma tena Kutoka 35:20–29 na 36:5–7. Huko nyikani watu waliambiwa hitaji, kisha wakaondoka mbele ya Musa. Walikwenda hemani mwao. Huko, mbali na macho ya wengine, kila mmoja alihesabu alichonacho, na ndipo aliyeguswa moyoni akarudi. Wanawake walileta nyuzi walizosokota kwa mikono yao. Vitu vilipotosha, mafundi walisema vimetosha, na Musa akatangaza watu waache kuleta. Ni viongozi wachache wa mchango wowote wanaotoa tangazo la namna hiyo.

Hatua ile ya kurudi hemani ndiyo gwaride linaiondoa. Muziki, umati na orodha hufupisha muda kati ya kuombwa na kutoa mpaka dhamiri ikose mahali pa kukaa. Yesu hakukataza watu kutoa pamoja, wala hakukataza furaha. Mjane wa Marko 12 alitoa hekaluni mbele ya watu. Alichokataza ni kumfanya mtazamaji awe mlipaji wa thawabu. Mtoaji wa namna hiyo amekwisha kulipwa pale pale barabarani, na gwaride likipita hana tena anachokidai. Baba aonaye sirini anaweza kungoja mpaka mtu arudi kutoka hemani mwake, na hata akirudi na kidogo, au akirudi mikono mitupu kwa sababu dhamiri imemzuia, anamjua.

Maswali ya Kujadili:

1. Wengine husema, "Bila kutaja majina na kiasi, jengo la kanisa halitakwisha." Darasa lijadili hoja hiyo kwa uaminifu. Je, kuna jengo ambalo ni afadhali lichelewe?

2. Linganisha madaktari waliowaonya viongozi wa Philadelphia na mlinzi wa Ezekieli 33. Je, mwenye maarifa akisema mara moja na kupuuzwa, wajibu wake umekwisha?

3. Washiriki wawili wa kanisa moja wanatofautiana: mmoja ameikopesha serikali yake wakati wa vita, mwingine amekataa. Mzee wa kanisa awaongozeje wakae meza moja ya Bwana?

4. Darasa lipange njia moja ya vitendo ya kurudisha "safari ya hemani" katika utoaji wa kanisa lenu. Kwa mfano, ni muda gani upite kati ya kutangaza hitaji na kupokea ahadi?